Bi Vumbi na Mjumbe wa Kwenye Kasha

Bi Vumbi hakuonewa kupewa jina hilo. Alilistahili. Mtu akikaa miaka ishirini na tisa kwenye chumba cha udongo, akiupokea, akiuanika, akiutwanga, akiuchekecha na kuutia kwenye mifuko, vumbi litamwingia tu, apende asipende. Lilimwingia kwenye kope, kwenye pindo la kitambaa cha kichwa, kwenye kucha, hata kwenye chai yake ya saa nne, ambayo aliifunika kwa kisahani na bado ilikuwa na mchanga chini. Akipiga chafya, watu wa chumba cha pili walifunga dirisha. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye faili, na faili lenyewe lilikuwa na vumbi.

Taasisi ile ya utafiti ilipokea udongo kutoka kila upande. Ulikuja kwenye ndoo, kwenye makopo ya maziwa, na mara moja ulikuja kwenye kofia ya mtu. Kila kilichofika kiliwekwa juu ya meza ndefu ya mapokezi na kubandikwa namba. Na chumbani mwa Bi Vumbi sheria ilikuwa moja, haikuandikwa popote ila mikono yake iliijua: kilicho mezani chenye namba kinaanikwa, kinakaushwa, kinatwangwa, kinapita kwenye chekeche la milimita mbili. Haulizwi mtu. Wakubwa wa ghorofani waliungoja unga huo waupime, waandike ripoti, wapande vyeo na kwenda kwenye mikutano ya mbali, ambako hawakumletea Bi Vumbi hata pipi.

Wala hakujali. Alichojali yeye ni nyumba namba nne.

Nyuma ya taasisi kulikuwa na mstari wa nyumba za wafanyakazi, kila moja na vyumba viwili, jiko na uwanja mdogo wenye bomba. Namba nne ilikuwa yake na mumewe, Fundi. Fundi alikuwa fundi saa, tena wa kuaminika, mpaka miaka sita iliyopita macho yalipomzimikia, kwanza la kulia, kisha la kushoto. Mwaka wa kwanza alijigonga kila mahali, akafikia kukaa kwenye kiti na kugoma kuinuka, mtu mzima analia kwa sababu hakuukuta mlango wa choo. Mwaka wa pili akaanza kuisoma nyumba kwa miguu. Sasa alichemsha chai mwenyewe, alifua, alianika, aligombana na jirani juu ya ukuta huku amemwelekea usoni barabara. Lakini hayo ni mle ndani tu. Ukimtoa Fundi kwenye nyumba ile ukampeleka kwingine, amekuwa kipofu upya, na alishamwambia mkewe wazi, "Mke wangu, nimejifunza mara moja. Mara ya pili siwezi."

Nyumba ilikwenda na kazi. Ukistaafu kwa muda wako, taasisi ilikuachia nyumba mpaka mwisho wa maisha yenu. Ukitolewa kabla, siku kumi na nne, funguo mezani. Bi Vumbi alibakiza mwaka mmoja na miezi minane. Alikuwa akiihesabu miezi hiyo kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Basi asubuhi moja Daktari wa Vijidudu akaingia na mgeni. Daktari huyu hakutibu mtu. Alikuwa mtafiti, binti mpole aliyesomea viumbe vidogo vya ardhini visivyoonekana kwa macho. Mgeni alikuwa msanii, mwanamke mrefu aliyevaa buti za mpira siku ya jua kali, na hedifoni shingoni.

"Shikamoo, mama," Msanii akasema. "Nimeambiwa wewe ndiye unayeujua udongo kuliko wote hapa."

Bi Vumbi akageuka kuangalia nyuma yake kama kuna mtu mwingine. Hakuwepo.

"Marahaba, mwanangu. Mimi nautwanga tu."

"Unajua kwamba kiganja kimoja cha udongo kina viumbe hai wengi kuliko watu wote duniani?"

"Hai?"

"Hai. Wanakula, wanazaana, wanapigana, wanasaidiana."

Bi Vumbi akatazama mchi uliokuwa mkononi mwake. Kisha akamtazama Daktari. "Na hawa ninaowaanika hapa?"

Daktari akakohoa. "Wengine, mama, wanavumilia."

"Wengine wangapi?"

"Wachache," Daktari akasema, na kuanza kuisifu rangi ya mapazia. Chumba hakikuwa na mapazia.

Mradi wenyewe uliitwa Udongo Mwenzetu. Sanaa na utafiti vimeshikana mikono, ndivyo walivyoeleza, ili binadamu ajue upya uhusiano wake na ardhi iliyo hai. Wangechimba udongo wa nyuma ya vyoo, mahali ambapo jembe halijapita kwa miaka mingi, wauweke kwenye kasha la mbao lenye kioo ubavuni, na kwa siku mia moja udongo huo uwe mfanyakazi mwenzao. Ukae kwenye kiti chake. Usalimiwe. Uhadithiwe habari. Uhudhurie vikao. Ndani yake wangezika maiki ndogo kama haragwe, isikilize minyoo ikitembea na watu wakizungumza, na Daktari angepima kila wiki kama salamu zinawanenepesha vijidudu.

Ungedhani Mkurugenzi angewafukuza. Thubutu! Mkurugenzi alikuwa na ugonjwa wa kupenda chochote ambacho taasisi za jirani hazijafanya. Alipiga makofi mpaka pete ikamchomoka. Kasha likawekwa chumbani mwa Bi Vumbi, juu ya kiti cha kuegemea. Kiti chenyewe kilikuwa kizuri kuliko cha Bi Vumbi, ambaye alikalia ndoo iliyopinduliwa.

Siku ya ufunguzi wafanyakazi thelathini walipanga foleni kuusalimia. Palizuka mjadala, udongo unaamkiwaje? Daktari akasema una umri wa maelfu ya miaka. Basi hapakuwa na la kubishania. Mkurugenzi akatangulia, akafunga kifungo cha koti, akainama mbele ya kasha.

"Shikamoo, Udongo."

Kimya. Mkurugenzi hakuwa mtu wa kunyimwa majibu. Akabaki ameinama, shingo inakuwa nyekundu, na nyuma yake foleni nzima inangoja. Sekunde zikapita. Mtu akaguna. Bi Vumbi, aliyekuwa nyuma ya chekeche lake, aliona haya kwa niaba ya kasha, kama unavyoona haya mtoto wa jirani anapokataa kumwamkia mgeni.

"Marahaba," akajibu.

Mkurugenzi akashusha pumzi.

"Hujambo?" Bi Vumbi akaendelea, maana salamu ukishaianza hukatizi njiani.

"Sijambo."

"Haya, kazi njema, mwanangu."

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Kila asubuhi watu thelathini waliingia, wakaliinamia kasha, na Bi Vumbi akaitika. Mkurugenzi, ambaye kwa miaka kumi na moja alimpita Bi Vumbi kama anavyopita kabati, sasa alitoka na "mwanangu" yake kila siku, tena akionekana amefarijika. Mhasibu alikuja akalieleza kasha kwamba mkewe hamsemeshi. Bi Vumbi akamjibu kwamba amwombe radhi. Akaenda akaomba, yakaisha, akarudi kulishukuru kasha. Hakumshukuru Bi Vumbi. Na hilo, niseme kweli, lilimuuma. Kuitika aliitika yeye, lakini macho ya watu yalikuwa kwenye mbao.

Naye, jamani, alikuwa akilihadithia kasha. Watu wakishaondoka alilieleza habari za Fundi na macho yake, na jinsi anavyoogopa. Halikumjibu kitu, lakini angalau halikuangalia saa.

Mambo yangeishia kwenye salamu, isingekuwa Bwana Utumishi. Huyu ndiye aliyeshika madaftari yote ya taasisi, la watu na la vifaa, na alikuwa mtu mwema kabisa aliyeharibiwa na kanuni. Kanuni namba tisa ilisema kila anayekalia kiti cha taasisi lazima awe na faili. Udongo ulikalia kiti. Kwa hiyo akaufungulia faili. Mwenye faili lazima atie sahihi ya mahudhurio, kwa hiyo kila asubuhi alichovya kidole kwenye kasha, akakigandamiza kwenye daftari, pakabaki doa. Mwenye mahudhurio lazima aitwe vikaoni. Kasha likapandishwa ghorofani kwa mikono ya wapagazi wawili, likawekwa baina ya Mhasibu na Mkurugenzi, na kwenye kumbukumbu za kikao cha kupaka rangi choo ikaandikwa, "Mjumbe Udongo hakuwa na pingamizi." Kikao cha tatu walianza kumsifu. Hakatizi wenzake, walisema. Hasinzii. Mkurugenzi akasema laiti angekuwa na wajumbe watano kama huyo.

Bi Vumbi alicheka sana siku zile. Alirudi nyumbani akamsimulia Fundi, na Fundi akacheka mpaka akashika mbavu. Wakacheka wote wawili wiki sita nzima.

Kisha ikaja barua kutoka makao makuu. Kikosi cha Uhakiki kitafika, kila chumba kihesabiwe watu wake dhidi ya nafasi zilizoidhinishwa. Bwana Utumishi akafungua kitabu kikubwa. Chumba cha udongo, nafasi moja. Akafungua daftari la watumishi. Chumba cha udongo, watumishi wawili.

Akamwita Bi Vumbi, akamkaribisha kiti, na hapo tu Bi Vumbi akajua kuna msiba.

"Mama," akaanza, "kuna aliyezidi."

"Nani?"

Bwana Utumishi akasugua miwani yake kwa ncha ya tai. "Ndiyo tunatafuta. Mtashindanishwa kwa usaili. Mimi sina upande. Ila karatasi zinasema yeye hajachelewa hata siku moja. Hajaumwa. Hajaomba ruhusa. Wewe mwaka huu peke yake una siku kumi na tisa za kumpeleka mzee kliniki ya macho."

"Baba, huyo ni udongo!"

"Najua, mama."

"Uko kwenye kasha!"

"Najua. Lakini yuko kwenye daftari, na mtu akishaingia kwenye daftari mimi sina uwezo wa kumtoa bila barua yake mwenyewe ya kuacha kazi."

Alimwambia Fundi jioni, wakiwa jikoni. Fundi alianza kucheka kama kawaida yao. "Yaani unashindanishwa na kasha? Na ukishindwa?" Akasikia kimya cha mkewe, na kicheko kikamfia mdomoni. Alikuwa ameshika birika. Akalirudisha mekoni taratibu, mahali pake pale pale, kisha mkono ukabaki juu ya kifuniko kama anaogopa kuuondoa. "Mke wangu," akasema, "fanya unavyojua. Waombe. Wapigie magoti." Fundi hakuwa mtu wa kumwambia mtu apige magoti. Bi Vumbi alitoka uwanjani akajifanya anaanua nguo, kumbe analia, na nguo hazikuwepo.

Siku ya usaili ikafika. Kikao kilikuwa saa tisa alasiri. Asubuhi Bi Vumbi aliwahi kazini akiwa hajapata usingizi wa maana kwa siku tatu, kichwani anayapanga maneno ya kusema, anayafuta, anayapanga tena. Wapagazi walikuwa wameshapita. Walihitaji kiti cha kuegemea kwa ajili ya Mkuu wa Uhakiki, wakalishusha kasha na kulitua palipokuwa na nafasi, yaani juu ya meza ya mapokezi. Na Bwana Utumishi alikuwa ameshapita pia, akabandika kila mtumishi wa chumba hicho namba yake ya usaili. Ya Bi Vumbi ilimngoja kwenye ndoo. Ya kasha ilikuwa ubavuni mwa kasha.

Unaona palipokwenda kombo. Kuna kasha la udongo. Liko mezani. Lina namba.

Kichwa cha Bi Vumbi kilikuwa kwa Fundi, na mikono yake ikafanya kilichofanywa na mikono hiyo kwa miaka ishirini na tisa. Ikaumwaga udongo kwenye sinia za bati, ikautandaza kwa ubao, ikachagua mawe na mizizi, na kwa kuwa ulikuwa na maji mengi ikautia kwenye tanuri la feni kwa nyuzi mia na tano. Watu walikuja kuamkia. Hawakuliona kasha, wakadhani limeshapelekwa usailini, wakarudi zao. Baada ya chai ya saa nne alianza kutoa sinia la kwanza. Akatwanga. Udongo ulikuwa mzuri ajabu, wenye harufu tamu kama ya mvua ya kwanza, na alikumbuka kuisikia harufu hiyo akasema moyoni, huu nao umetoka wapi? Sinia la pili, la tatu, la nne. Saa nane alikuwa anachekecha la mwisho. Unga ukashuka, na juu ya chekeche kikabaki kitu kimoja kinarukaruka, kidogo kama haragwe, kina waya.

Bi Vumbi akakiangalia. Akaliangalia kasha tupu. Akaiangalia mifuko minne iliyofungwa vizuri, kila mmoja na namba.

"Mungu wangu," akasema. "Nimemtwanga mwenzangu."

Usaili ukageuka kesi. Mkuu wa Uhakiki, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, alikaa kwenye kiti kile cha kuegemea. Kulia kwake Mkurugenzi, kushoto Bwana Utumishi, pembeni Daktari na Msanii. Mezani mifuko minne.

"Mtahiniwa wa kwanza amefika?" akauliza Mkuu.

"Amefika," Bwana Utumishi akasema, akaionyesha mifuko. "Kwa sehemu nne."

Akasoma mashtaka huku jasho linamtoka. Kumkausha mtumishi mwenzake saa za kazi. Kumtwanga. Kumchekecha. Kushindwa kutoa taarifa kwa mkuu wake wa kazi. Msanii alikuwa analia kweli kweli, kamasi zinamtoka, na huku analia anamwashiria mpagazi asogeze kinasa sauti karibu zaidi.

"Mama, unasemaje?"

Bi Vumbi alikuwa amepanga maneno mengi ya kuomba. Yalikuwa ya unyenyekevu, ya kuwataja watoto wao na wazee wao. Alipofungua kinywa hayakutoka hayo.

"Nimemuua, ndiyo," akasema. "Sikukusudia. Lakini mbona mnanihesabia mmoja? Mimi nimeua hapa miaka ishirini na tisa, kila siku ya kazi, tangu asubuhi. Mlivyosema wako hai wengi kuliko watu, nililala nawahesabu, nikashindwa. Mlijua. Daktari, wewe ulijua. Shahada yako ya pili nimekutwangia mimi, mifuko mia mbili na kumi. Mkurugenzi, kitabu chako kile chenye picha ya shamba, hakuna hata punje moja ndani yake iliyokuwa hai, niliikausha yote kwa mikono hii. Hakuna aliyelia. Leo amekufa mwenye kiti, mnalia." Akavuta pumzi. "Na mimi sina kiti. Mume wangu haoni. Nyumba yenu ndiyo macho yake. Hilo kasha nililiambia habari hizo kila siku. Ninyi hamkuwahi kuniuliza hata nakaa na nani."

Daktari akainamisha kichwa. Mkurugenzi akatazama dari, akakuta doa, akalitazama hilo doa kwa muda mrefu. Hata Mkuu alikaa kimya, kimya cha heshima, kama cha Mjumbe Udongo mwenyewe.

Kisha kanuni zikaendelea, maana kanuni hazina masikio. Kufunga faili la marehemu kunahitaji cheti. Mkuu akamgeukia Daktari, amekufa au hajafa?

Daktari akasema, kwa haki kabisa, "Kisayansi, si wote. Kuna wachache wanaovumilia. Tukimwagilia maji, baada ya miezi michache wanaweza kuamka."

"Kwa hiyo hajafa," Bwana Utumishi akasema. "Anaumwa. Mgonjwa ana likizo ya ugonjwa, na mwenye likizo ya ugonjwa hapokonywi nafasi yake."

"Basi nafasi ni ya Udongo," Mkuu akahitimisha. "Pole sana, mama. Siku kumi na nne."

Hapo Bi Vumbi alipiga magoti. Alikuwa ameapa hatapiga, akapiga, sakafuni, mbele ya watu. "Niandikeni chochote," akasema. "Mfagizi. Mlinzi. Chochote kilichobaki."

"Mama, inuka, tafadhali," Mkurugenzi akasema kwa aibu. "Hakuna nafasi. Kweli hakuna."

Ni Msanii aliyeruka kutoka kitini. "Lakini huyu ndiye kazi ya sanaa yenyewe!" akapiga kelele. "Hamwoni? Siku mia tunatafuta uhusiano wa binadamu na udongo, nao huu hapa! Maonyesho ni yeye! Yeye, chekeche na mifuko minne, mle mle chumbani. Naisaini sasa hivi. Naikabidhi taasisi, iwe yake daima."

Watu wakaangaliana. Bwana Utumishi akasimama taratibu, akaenda kabatini, akarudi na daftari lake la pili, lile la vifaa. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa, kama mtu aliyekuta mlango ukutani.

"Kazi ya sanaa iliyokabidhiwa," akasema, "ni kifaa. Kifaa hakihitaji nafasi. Hakistaafishwi. Na kanuni namba thelathini na moja inasema kifaa cha taasisi hakitoki nje ya geti, ni lazima kihifadhiwe ndani ya jengo la taasisi." Akageuza ukurasa. "Nyumba namba nne ni jengo la taasisi."

"Na mume wangu?" Bi Vumbi akauliza, bado yuko chini.

Bwana Utumishi akapekua. "Kuna safu ya viambatisho."

Mkuu wa Uhakiki alifikiri, akapekua kitabu chake, hakuona kifungu cha kupinga, akapiga mhuri. Wakamwinua Bi Vumbi. Bwana Utumishi akajaza fomu kwa mwandiko wake mzuri wa herufi zilizolala, akaigeuza ili kifaa kiweke sahihi yake. Bi Vumbi akaisoma mstari kwa mstari, kwa kidole. Aina: mtambo wa kukausha, kutwanga na kuchekecha, wa mikono. Mahali pa kuhifadhia: nyumba namba nne. Kiambatisho: kimoja. Hali ya kifaa: chakavu.

Akaweka kalamu chini.

"Sisaini hiyo."

"Mama," Bwana Utumishi akanong'ona, "nakuokoa."

"Najua, baba, na Mungu akulipe. Lakini hapo mwisho hapana."

"Kuna maneno matatu tu. Mpya, nzuri, chakavu. Una miaka hamsini na minane, wakaguzi wataniuliza..."

"Watakuuliza, utawajibu. Nimetwanga hapa miaka ishirini na tisa na sijawahi kurudishiwa mfuko hata mmoja. Andika nzuri. Mume wangu atataka nimsomee."

Mkuu alikuwa anafunga mkoba. Mkurugenzi alikuwa anaangalia mlango. Bwana Utumishi, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kukata neno kwenye fomu iliyogongwa mhuri, alichukua rula, akapiga mstari juu ya chakavu, na kuandika pembeni.

Fundi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, amevaa viatu. Alikuwa ameshafunga shuka zake na vifaa vya saa kwenye furushi moja, tayari, ili asimpe mkewe tabu ya kumwambia. Aliposikia mlango akalishika furushi.

"Vua viatu," Bi Vumbi akasema. "Hatuendi popote."

"Umeshinda?"

"Sijashinda. Kasha limeshinda. Mimi wameniingiza kwenye daftari la vifaa, baina ya meza na tanuri. Na wewe ni kiambatisho changu." Alitaka iwe ya kuchekesha, ikatoka vibaya, akaona aibu. Alikuwa na furaha, na aliionea haya furaha yenyewe.

Fundi alinyoosha mkono. Mkewe akampa karatasi, naye akaishika, akaipapasa mpaka akaukuta mhuri, akamrudishia.

"Nisomee."

Akasoma yote, hakuficha. Aina, mahali, kiambatisho. Alipofika mwisho akakohoa, vumbi bila shaka.

"Hali ya kifaa, nzuri."

Fundi akainama, akaanza kufungua kamba za viatu vyake.

"Hapo," akasema, "soma tena hapo."